Maji Hayatoki Kileleni: Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, Mabadiliko ya Tabianchi na Wajibu wa Kata



Mada ya mazungumzo haya ni namna Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro inavyokabiliana na mabadiliko ya tabianchi, pamoja na nafasi ya mwananchi wa kata inayopakana na msitu katika kazi hiyo. Watu wengi wakisikia Kilimanjaro ikitajwa pamoja na tabianchi, mawazo yao hupanda moja kwa moja hadi kwenye barafu ya Kibo. Picha za barafu hiyo inayopungua zimezunguka dunia nzima. Hata hivyo, jambo linalogusa ndoo ya mama, malisho ya ng'ombe na migomba ya kihamba liko chini zaidi ya barafu. Liko msituni.

Ili kulieleza jambo hilo kwa mpangilio, yafaa kuazima utaratibu unaotumiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa la Marekani. Wasimamizi wa hifadhi huko hujiuliza, kwa kila badiliko linaloletwa na hali ya hewa, kama ni la kupinga, la kukubali au la kuelekeza. Kupinga ni kulinda kilichopo kisipotee. Kukubali ni kutambua kwamba nguvu za binadamu wa mahali hapo haziwezi kulizuia badiliko, kisha kupanga maisha kulingana nalo. Kuelekeza ni kulisaidia badiliko lichukue njia yenye madhara madogo na manufaa makubwa. Mlima Kilimanjaro una mambo matatu yanayolingana na maswali hayo: barafu, moto na maji.

Barafu: jambo la kukubali

Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikadiriwa kufunika takriban kilomita za mraba 12. Vipimo vya karibu miaka 100 baadaye, mwaka 2011, vilionyesha kwamba eneo lililobaki lilikuwa chini ya kilomita za mraba 2. Kwa maneno mengine, zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu iliyoonwa na mababu wa wakazi wa leo ilikuwa imekwisha kutoweka. Kupungua huko kulianza tangu mwishoni mwa karne ya 19, pale hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipoanza kuwa kavu zaidi, na joto linaloongezeka duniani halitoi nafasi ya barafu hiyo kurudi.

Hapa ndipo ulipo usemi unaohitaji kusahihishwa. Husemwa mara nyingi vijijini kwamba barafu ikiisha, mito itakauka. Ukweli ni kwamba barafu ya Kibo imekaa mahali penye baridi kali na hewa kavu, na sehemu kubwa yake hugeuka kuwa mvuke na kupaa bila kupitia hali ya maji. Kiasi kinachoyeyuka na kutiririka ni kidogo mno kuweza kulisha mito. Aidha, kilele chenyewe chenye urefu wa mita 5,895 hupata mvua na theluji kidogo sana kwa mwaka.

Kuisha kwa barafu ni hasara ya kweli. Ni hasara kwa urithi wa Taifa, kwa elimu ya historia ya hali ya hewa iliyohifadhiwa ndani ya tabaka zake, na kwa sura ya mlima unaowaleta wageni. Hakuna bajeti ya hifadhi wala ya halmashauri inayoweza kuirudisha. Kinachowezekana ni kupanga shughuli za mlimani kwa kuzingatia hali mpya. Mfano upo: Januari 2006 mawe yaliporomoka katika njia ya Western Breach na kuua wapandaji watatu. Njia hiyo ilifungwa kwa muda kabla ya kuruhusiwa tena. Mahali ambapo barafu ilikuwa imeyashika mawe, mawe hayo sasa hulegea, na waongoza wageni pamoja na wapagazi wanaotoka katika kata hizi wanapaswa kulijua hilo, kwa kuwa ndio wanaopita njia za juu mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote.

Msitu ndio tangi la maji

Mjini Moshi mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 900. Ukipanda mteremko wa kusini hadi mwinuko wa mita 2,200 hivi, ndani ya msitu, mvua hufikia karibu milimita 3,000. Ukiendelea kupanda, mvua hupungua tena. Watafiti waliochunguza mlima huu kwa miaka mingi wamekadiria kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayotoka mlimani chanzo chake ni ukanda wa msitu. Weruweru, Kikafu, Karanga, Rau na Himo yote ni mito inayotegemea ukanda huo. Maji yake hushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea na Mto Pangani, ambako huzalisha umeme kabla ya kufika Bahari ya Hindi. Upande wa kaskazini, maji yaliyozama katika mlima huibuka kwenye chemchemi za Amboseli nchini Kenya.

Sehemu ya juu ya msitu ina kazi ambayo haionekani kwa urahisi. Katika mwinuko ule mvua ni haba kuliko katikati ya msitu, lakini ukungu ni mwingi. Miti ya jamii ya erika, yenye majani membamba na matawi yaliyovikwa nyuzi za kijani zinazoning'inia kama ndevu, hunasa matone ya ukungu na kuyadondosha ardhini. Mti mmoja huweza kuchuruzika maji siku ambayo mvua haikunyesha. Udongo uliofunikwa na majani huyapokea maji hayo, huyashika na kuyaachia polepole, ndiyo sababu chemchemi hutoa maji hata katikati ya kiangazi.

Mti wa erika ukiungua, ukungu huendelea kupita, lakini hakuna kinachounasa. Makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba tangu mwaka 1976 zaidi ya hekta 13,000 za msitu wa juu zilikuwa zimepotea, hasa kwa moto, na mahali pake pakachukuliwa na vichaka vifupi. Maji ya ukungu yaliyopotea kwa sababu hiyo yalikadiriwa kufikia mita za ujazo milioni 20 kwa mwaka. Kiasi hicho kinakaribia mahitaji ya maji ya kunywa ya watu milioni moja kwa mwaka mzima. Mwenye kutafuta mahali ambapo tabianchi imeyagusa maji ya Kilimanjaro na atazame hapo.

Moto: jambo la kupinga

Tabianchi haiwashi moto. Moto wa mlimani, kwa sehemu kubwa, huwashwa na mkono wa mtu. Kinachofanywa na tabianchi ni kuandaa kuni: kiangazi kinakuwa kikali zaidi, nyasi na vichaka vinakauka, upepo unavuma, na cheche ambayo zamani ingezimika kwa umande sasa inasafiri kutoka bonde hadi bonde. Msitu ulioungua huacha vichaka vikavu, vichaka hivyo huungua kwa urahisi zaidi, na kila moto husogeza mpaka wa msitu chini kidogo.

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Taarifa za awali za Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA, zilieleza kuwa ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Hadi ulipodhibitiwa, ulikuwa umeunguza kilomita za mraba 95.5. Oktoba 2022, karibu na kituo cha Karanga, moto mwingine ulizuka, na vikosi vya ulinzi na usalama vikaungana na askari wa hifadhi na wananchi kuukabili. Miaka yote miwili ilikuwa ni mwezi wa Oktoba, mwisho wa kiangazi, vuli ikiwa bado kushika. Huo ndio mwezi ambao kila kata inapaswa kuuandikia alama kwenye kalenda.

Je, hifadhi inafanya nini? Mioto ya kuni imepigwa marufuku kwa wapandaji, na mapishi hufanywa kwa gesi. Askari hufanya doria, na njia za kuzuia moto husafishwa ili moto ukifika usikute cha kula. Yapo pia mafunzo kwa vikundi vya vijiji. Hatua hizi ni za lazima, lakini zina ukomo. Hifadhi ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,700, ikiwa imezungukwa na vijiji vya wilaya za Rombo, Moshi, Hai na Siha. Hakuna idadi ya askari inayoweza kuuona moshi wa kwanza katika kila korongo. Moshi wa kwanza huonwa na mkata majani, mchunga mbuzi, mrina asali au mpagazi anayeshuka.

Baadhi ya wananchi huuliza kwa nini hifadhi isichome moto mapema kwa makusudi, kama inavyofanyika kwingine. Swali hilo ni zuri na linastahili jibu kamili. Katika hifadhi za nyika kama Serengeti, nyasi huchomwa mapema mwanzoni mwa kiangazi ili moto mkubwa usije baadaye, na nyasi huchipua tena mvua ikinyesha. Katika Hifadhi ya Sequoia nchini Marekani, moto unaosimamiwa umetumika kwa miongo mingi kwa sababu miti mikubwa ya huko ina gome nene na mbegu zake hunufaika na moto mdogo. Pamoja na hayo, ukame na joto vimeongeza ukali wa moto kiasi kwamba Septemba 2021 wazima moto walilazimika kuvingirisha shina la mti maarufu wa General Sherman kwa karatasi za alumini ili usiungue. Msitu wa Kilimanjaro haukuumbwa na moto kwa namna hiyo. Mkulo, podo na miti mingine ya ukanda wenye unyevu haina ngao, na erika ikiungua mara kwa mara hairudi kuwa msitu. Dawa ya nyika haiwezi kuwa dawa ya mlima.

Mpaka na manung'uniko yake

Hakuna mazungumzo ya kweli kuhusu hifadhi hii yatakayoepuka suala la Nusu Maili. Ukanda huo ulitengwa mwaka 1941 kando ya msitu ili wananchi wapate kuni, majani na mbao chini ya usimamizi wa mamlaka zao za wenyeji. Mwaka 2005 mipaka ya hifadhi ilipanuliwa na kuujumuisha msitu, pamoja na ukanda huo. Kwa upande wa uhifadhi, hatua hiyo ilikuwa na mantiki: kilele bila msitu ni hifadhi ya mawe, na kulinda maji bila kulinda msitu haiwezekani. Kwa upande wa kaya, hasa za akina mama wanaofuga ng'ombe bandani, ilimaanisha kwamba mahali palipokuwa pa kijiji pamekuwa mahali pa kuomba.

Taifa limekwisha kuona jambo linalofanana na hilo kwingineko. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ulianza kukauka wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993, kutokana na matumizi makubwa ya maji ya umwagiliaji huko juu pamoja na ukame. Jibu mojawapo lilikuwa kuliingiza bonde la Ihefu katika hifadhi mwaka 2008. Wafugaji na wakulima waliokuwa bondeni waliondolewa, na migogoro ya mipaka iliyofuata ilidumu kwa miaka mingi. Funzo lake ni kwamba kupanua mpaka kunaweza kuwa jibu sahihi kwa maji na wakati huohuo kukawa mzigo kwa watu wachache wanaoishi jirani, huku faida ikienda mbali hadi kwenye mitambo ya umeme.

Manung'uniko ya wakazi wa kando ya msitu, kwa hiyo, hayapaswi kupuuzwa wala kuitwa uadui wa uhifadhi. Yanapaswa kuletwa katika mikutano mikuu ya vijiji, yaandikwe katika mihtasari, yafikishwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kujadiliwa na hifadhi mezani. Mwananchi anayeingia msituni usiku kwa kujificha hubeba kuni zake kwa haraka, huacha moto wa sigara au wa kupasha chakula bila kuuzima vizuri, na akiuona moshi hatatoa taarifa kwa sababu ataulizwa alikuwa anafanya nini huko. Mwananchi mwenye ruhusa iliyo wazi huwa mlinzi wa kwanza. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kuutaka utaratibu wa ujirani mwema uwe wa haki na unaoeleweka: bila imani ya jirani, hifadhi haina macho.

Maji: jambo la kuelekeza

Hata moto ukizuiwa kabisa, mvua haitarejea kuwa ya kutabirika kama ilivyokuwa katika kumbukumbu za wazee. Vuli inaweza kuchelewa. Masika inaweza kumwaga kwa wiki chache kiasi kilichozoeleka kwa miezi. Hapo ndipo kata inapochukua nafasi yake, kwa kuwa maji yakishavuka mpaka wa hifadhi yako mikononi mwa wananchi.

Mifongo iliyochimbwa na mababu ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima. Kwa karne kadhaa imeyaleta maji kutoka makorongoni hadi vihambani, ikiwa na zamu zake, wazee wake na adhabu zake. Lakini mfongo wa udongo hupoteza maji mengi njiani kabla hayajafika shambani. Kuziba mivujo, kujengea sehemu zinazobomoka na kurejesha nidhamu ya zamu ni kuongeza maji bila kuongeza mvua. Jumuiya za watumia maji zinatambuliwa kisheria, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani ndiyo yenye mamlaka ya kutoa vibali vya kutumia maji. Kijiji kisicho na jumuiya iliyosajiliwa hujikuta hakina sauti mgogoro wa maji unapofika bondeni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji pale zinapoweza kuviharibu. Kipimo hicho kinalinda kisima cha jirani aliye chini. Mwenye shamba juu ya chemchemi ana maji leo. Akilima hadi kwenye ukingo, kesho atakosa yeye pamoja na wa chini yake. Maji yakimwagika hayazoleki, na chemchemi iliyozibwa na mchanga ni vivyo hivyo.

Kihamba chenyewe ni sehemu ya jibu. Mpangilio wa migomba, kahawa, mboga na miti mirefu juu yake ulitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011, katika eneo la Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kimataifa. Miti ya mruka iliyoachwa kihambani hutoa kivuli kwa kahawa, majani kwa mbuzi na kuni kwa jiko. Kila mzigo wa kuni uliotoka kihambani ni mzigo ambao haukutoka msituni. Pale vihamba vinapogawanywa vipande vipande na miti kukatwa, shinikizo lote hupanda juu.

Yanayotakiwa kufanyika

Kwanza, kila kitongoji kinachopakana na msitu kiwe na watu wanaojulikana wa kupokea taarifa za moto, na orodha yao ibandikwe ofisi ya kijiji kabla ya Agosti kila mwaka. Anayeona moshi ampe taarifa mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji au kituo cha askari wa hifadhi kilicho karibu bila kusubiri kuwa na uhakika. Taarifa ya moshi uliogeuka kuwa ukungu haina hasara.

Pili, kuandaa mashamba kwa moto kuelekea msimu wa vuli kuachwe kando ya msitu. Masalia ya shamba yana kazi nyingine: ni chakula cha mifugo na ni mbolea.

Tatu, warina asali wahimizwe kutumia mizinga na vifaa vya kisasa vya kutolea moshi badala ya mienge. Asali inaweza kuvunwa bila kuuchoma mti unaoitunza.

Nne, waongoza wageni na wapagazi wajihesabu kuwa sehemu ya kikosi cha zimamoto. Mlima ukiungua, kazi ya kwanza kusimama ni yao.

Tano, ajenda ya msitu na maji iwe ya kudumu katika mikutano mikuu ya vijiji, na maswali kuhusu Nusu Maili yaulizwe humo hadharani, ili majibu nayo yatolewe hadharani.

Ndugu wananchi, kidole kimoja hakivunji chawa. Barafu ya Kibo itaendelea kupungua hata kama kata zote zitatimiza wajibu wao. Msitu, kwa upande wake, unategemea sana kinachotendeka katika vijiji hivi kati ya Agosti na Oktoba, na maji yanayofika bombani na kwenye mfongo yanautegemea msitu huo. Mtoto atakayezaliwa mwaka huu huenda akaifahamu barafu ya Kilimanjaro kwa kuonyeshwa picha. Chemchemi ya kijiji chake anapaswa kuifahamu kwa kuchota maji yake.